Maisha ya Moshe Feldenkrais: Mwanafizikia Aliyefundishwa na Goti Lake

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wameuzoea utanzu wa wasifu tangu Shaaban Robert alipotuandikia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji ambaye mahasidi wake, walipokosa la kuitia ila sauti yake, waliugeukia uso na umbo lake. Mkasa huo unatukumbusha jambo lisilojua pwani wala bara: kabla mtu hajapimwa kwa kazi yake hupimwa kwa mwili wake, na mara nyingi mpimaji mkali kuliko wote ni yeye mwenyewe. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mwingine, wa mbali na mwambao wetu, ambaye hakuwa mwimbaji bali mwanafizikia na mchezaji wa judo, na ambaye aliutumia zaidi ya nusu ya umri wake kutafuta njia ya mtu kuujua mwili wake bila kuushtaki. Jina lake lilikuwa Moshe Feldenkrais.

Feldenkrais alizaliwa tarehe 6 Mei 1904 katika mji wa Slavuta, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi na leo umo nchini Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa madhehebu ya Kihasidi, watu wa sala na vitabu. Akiwa bado mtoto, jamaa yake ilihamia Baranovichi, mji ulioko sasa nchini Belarus. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, eneo hilo lilijikuta kwenye mstari wa mapigano baina ya majeshi ya Urusi na ya Ujerumani. Mwaka wa 1918, akiwa na umri wa miaka 14 tu, aliwaaga wazazi wake akashika njia kwenda Palestina. Ilikuwa safari ya miezi mingi, na sehemu yake kubwa aliikata kwa miguu akiandamana na wengine waliojiunga njiani.

Alikofika hakukuwa na starehe iliyomngojea. Tel Aviv ulikuwa mji mchanga uliokuwa ukijengwa juu ya mchanga, na kijana huyo alifanya kazi ya vibarua katika ujenzi. Masomo ya sekondari aliyakamilisha mwaka wa 1925, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 21. Ili ajikimu, aliwafunza hesabu watoto walioshindikana madarasani, kisha akaajiriwa katika idara ya upimaji ardhi ya serikali ya Waingereza, akichora ramani. Kazi hizi mbili zinastahili kukumbukwa. Mtu aliyekaa na mtoto anayeitwa mjinga na kugundua kwamba mtoto hakuwa mjinga bali aliogopeshwa, hawezi kulisahau jambo hilo kwa urahisi. Naye mchora ramani hujua kwamba nchi na picha ya nchi ni vitu viwili tofauti.

Katika miaka hiyo kulikuwa na uhasama uliozidi kukua baina ya Wayahudi waliohamia na Waarabu wenyeji, na Feldenkrais alikuwa miongoni mwa vijana wa Kiyahudi waliojifunza kujihami bila silaha. Walifunzwa mbinu za jujitsu jinsi zilivyokuwa vitabuni. Tatizo likajitokeza. Vijana waliofunzwa vizuri, wakaacha mazoezi kwa miezi kadhaa, walipovamiwa kwa kisu hawakukumbuka lolote. Mwili ulifanya la kwake: mikono iliruka juu kukinga uso, kichwa kikarudi nyuma, mgongo ukajikunja. Mwalimu wa kawaida angewakemea kwa uzembe na kuwarudisha kwenye mazoezi yale yale. Feldenkrais alifanya kinyume. Alichunguza jinsi watu wanavyojikinga wanaposhtukizwa, kisha akabuni mbinu ambayo hatua yake ya kwanza ni ule ule mshtuko ambao mwili ungeufanya hata bila mafunzo. Badala ya kupigana na tabia ya mwili, aliipokea kama ilivyo na kuanzia hapo. Mbinu hizo alizichapisha kwa Kiebrania katika kitabu kidogo kuhusu jujitsu na kujihami. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wazo zima ambalo lingemletea sifa miaka 30 baadaye lilikuwa tayari limo katika kitabu hicho cha mapigano, ingawa mwenyewe hakuwa amelijua.

Mwaka wa 1929 aliumia goti la kushoto akicheza kandanda. Jeraha lilikuwa baya, nalo lilimweka kitandani kwa miezi. Alipopona alipona nusu. Kwa miaka mingi iliyofuata goti hilo lingevimba, litulie, kisha livimbe tena bila taarifa.

Mwaka uliofuata alikwenda Ufaransa. Huko Paris alisomea uhandisi akahitimu mwaka wa 1933, kisha akaendelea na masomo ya fizikia katika Sorbonne na kufanya kazi katika maabara ya Frédéric Joliot-Curie, mwanasayansi ambaye yeye na mkewe Irène walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1935. Hii ilikuwa kitovu cha utafiti wa nyuklia barani Ulaya, na kijana aliyevuka nchi kwa miguu akawa miongoni mwa waliounda mitambo yake.

Hata hivyo, kukutana kulikomwathiri zaidi hakukutokea maabarani. Mnamo 1933, Kano Jigoro, Mjapani aliyeasisi mchezo wa judo, alizuru Paris. Feldenkrais alikwenda kumwona, akamwonyesha kile kitabu chake cha Kiebrania. Mzee Kano alivutiwa hasa na kinga dhidi ya kisu iliyoanzia kwenye mshtuko, akaona kwamba kijana huyu ndiye angeweza kuieneza judo nchini Ufaransa. Matokeo yake ni kwamba Feldenkrais alijifunza judo kwa bidii, akapata mkanda mweusi mwaka wa 1936, akiwa mmoja wa Wazungu wa mwanzo kuufikia, na mwaka huo huo akashiriki kuanzisha klabu ya jujitsu jijini Paris. (Mwanafunzi wa Kiswahili hakosi kutabasamu anapokumbuka kwamba kano ndilo neno letu kwa ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, na kwamba kano za goti la Feldenkrais ndizo zilizokuwa zimechanika.) Katika judo mtu hashindi kwa kukaza misuli. Hushinda kwa kuusikia uzito wake mwenyewe na wa mwenzake, na kuujua wakati wa kulegea. Mtu mfupi mwenye goti lisiloaminika aliweza kumwangusha pande la mtu.

Mwaka wa 1938 alimwoa Yona Rubenstein, daktari wa watoto. Miaka miwili baadaye majeshi ya Ujerumani yaliingia Ufaransa, na Feldenkrais, Myahudi aliyefanya kazi katika maabara ya nyuklia, alikimbilia Uingereza mnamo Juni 1940. Huko alipewa kazi na jeshi la wanamaji katika kituo cha utafiti cha Fairlie, kijiji cha pwani ya Scotland, kutafiti mitambo ya kunasa nyambizi za adui kwa mawimbi ya sauti. Kazi hiyo ilimlazimu kupanda na kushuka vyombo vya baharini, kwenye sitaha zilizolowa na zilizoteleza. Goti likarudi kuwa adui.

Madaktari walimpa shauri la upasuaji. Alipouliza matumaini ya kufaulu yalikuwa kiasi gani, jibu alilopata lilikuwa kama nusu kwa nusu. Na kama usingefaulu, huenda goti lingekakamaa kabisa. Mwanafizikia hawezi kuuita uwezekano kama huo tiba. Alikataa. Ikumbukwe kwamba hakukataa kwa kuwadharau madaktari, wala kwa kutegemea miujiza. Alikataa kwa sababu kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: goti ni lile lile, mchaniko ni ule ule, basi kwa nini siku nyingine linauma na siku nyingine halina neno? Ikiwa kasoro iko ndani ya goti, ingepaswa kuuma kila siku. Kwa hiyo alihisi kwamba jibu liko katika kitu anachokifanya yeye mwenyewe bila kujua.

Kuna kisa alichozoea kukisimulia kuhusu miaka hiyo. Siku moja, akiwa anachechemea kwa mguu mzima, aliteleza na kuuumiza huo mzima pia. Alijikokota hadi kitandani akilala na hofu kwamba asubuhi hatakuwa na mguu hata mmoja wa kusimamia. Alipoamka alikuta mguu wa kulia umevimba, lakini ule wa kushoto, ambao kwa muda mrefu haukuwa ukistahimili uzito wake, ulimbeba. Alishangaa hata kidogo adhani amerukwa na akili. Hakuna kano inayoungana kwa usiku mmoja. Kilichobadilika basi hakikuwa goti. Ubongo ulikuwa umeuzuia mguu huo usifanye kazi kwa muda mrefu, misuli ya paja ikadhoofika kwa amri na si kwa jeraha. Na pale mguu wa pili ulipoondolewa kazini, amri ile ilitanguliwa. Mwenye kuchora ramani alikuwa amegundua kwamba ramani aliyokuwa nayo ya mguu wake ilikuwa imepitwa na wakati.

Tangu hapo alijifanya maabara ya nafsi yake. Alisoma anatomia, fiziolojia, saikolojia na elimu ya neva. Alilala chali na kufanya mwendo mdogo mno, mara kadhaa kadhaa, akifuatilia kinachotokea nyongani mguu unapogeuka, mbavuni nyonga inapoinuka, shingoni mbavu zinapofuata. Aligundua kwamba hatua moja ya kutembea haimo mgutini peke yake. Ni shughuli ya mwili mzima, na kwamba yeye, kwa kulikodolea macho goti kama mshtakiwa, alikuwa ameusahau mwili uliobaki. Hakudai kamwe kwamba goti lilirudi kuwa jipya. Alichobadilisha ni namna ya kulitumia. Alitembea, akarudi kwenye judo, na hakupasuliwa.

Hapa yafaa tutue kidogo tuitazame lugha yetu. Mwandishi wa makala haya ameshindwa kusimulia kisa hiki bila kushawishika kuandika goti bovu na mguu mbovu. Kivumishi hicho ni hukumu. Na Kiswahili hakikuishia kwenye vivumishi: mofolojia yenyewe imewaweka kiwete, kipofu, kiziwi na kilema katika umbo la KI-VI, pamoja na kiti na kijiko, hata kama upatanisho wa kisarufi unawarudishia utu wao tunaposema kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Wanaisimu wetu wamelijadili suala hili, na matumizi ya sasa yanapendelea watu wenye ulemavu. Mjadala huo kwa kawaida huhusu jinsi tunavyowaita wengine. Feldenkrais anatuuliza jinsi kila mmoja anavyojiita pale anapojigusa goti, tumbo au bega lililoinama.

Akiwa Fairlie alianza kuwaeleza wanasayansi wenzake mawazo hayo katika mfululizo wa mihadhara, na humo ndimo kilimotoka kitabu chake cha 1949, Body and Mature Behaviour, ambacho kinaunganisha wasiwasi, mvuto wa ardhi na kujifunza katika hoja moja. Kitabu kingine alichokiandika katika miaka hiyo hiyo ya 1940 hakikuchapishwa hadi 1985, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hoja ya makala haya hicho ndicho muhimu zaidi. Humo anaeleza kwamba mtoto mchanga hujifunza kugeuka, kutambaa na kusimama kwa kujaribu tu, bila aibu. Huanguka mara nyingi na hana habari kwamba kuanguka ni kosa. Kisha wakubwa huingia na sifa na karipio. Simama sawa, vuta tumbo ndani, mbona unatembea hivyo. Mtoto hutegemea mapenzi ya wakubwa hao ili aishi, kwa hiyo hulazimika kujiona kwa macho yao. Anapokua, wakubwa huenda zao, lakini karipio hubaki ndani ya misuli: pumzi inayozuiwa, taya linalokazwa, mabega yanayopanda masikioni kila anapotakiwa kufanya jambo. Kwa Feldenkrais mtu hafanyi kazi vibaya kwa kukosa juhudi, bali kwa sababu anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, lile alilolikusudia na lile la kujilinda dhidi ya hukumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirudi, safari hii katika taifa jipya la Israeli, na kwa muda mfupi aliongoza idara ya elektroniki ya jeshi. Kufikia mwaka wa 1954 alikuwa ameacha fizikia ili afundishe mwendo peke yake. Marafiki wengi wa maabara waliona amepotea. Alifungua darasa katika mtaa wa Alexander Yanai mjini Tel Aviv, na kwa miaka mingi alifundisha humo masomo zaidi ya 500 tofauti, yaliyorekodiwa na kuhifadhiwa.

Somo lake lilikuwaje? Watu walilala sakafuni. Hakukuwa na kioo ukutani, na mwalimu hakuonyesha mfano wa kuigwa. Alitumia maneno matupu. Jambo hilo lafaa kuwavutia walimu wa lugha kuliko watu wengine wote. Feldenkrais alihoji kwamba mwanafunzi akimwona mwalimu atamwiga, na akimwiga atajilinganisha, na akijilinganisha ameacha kujisikia. Kwa hiyo alisema tu: mwanafunzi ainue goti kidogo, arudie polepole, apumzike, aone ubavu upi umegusa sakafu. Mara kwa mara aliwafanyisha upande mmoja tu wa mwili, kisha akawaomba wasimame na kutembea, nao wakashangaa kuona mguu mmoja u mwepesi na mwingine kama gogo. Upande wa pili aliwaambia waufanye kwa mawazo tu. Aliyejitahidi sana aliambiwa apunguze. Aliyefikia maumivu aliambiwa arudi kabla ya maumivu. Wahenga wetu wanaomsifu mwenda pole wangemwelewa mara moja.

Sababu ya upole huo haikuwa huruma pekee bali fizikia. Katika karne ya 19 Mjerumani Ernst Weber alionyesha kwamba hisia zetu hupima tofauti kwa kulinganisha na kilichopo tayari. Mchukuzi wa sokoni aliyebeba gunia la mahindi hatajua ukimwongezea nzi mgongoni, wala hata kitunguu. Mtu aliyeshika unyoya atamsikia nzi huyo papo hapo. Basi, anayekaza misuli yake yote amejibebesha gunia, na hawezi kuhisi tofauti ndogo ambazo kwazo ubongo hujifunza. Kulegea si zawadi inayokuja baada ya kujifunza. Ni sharti lake.

Miongoni mwa masomo hayo lipo moja mashuhuri ambalo mwanafunzi hulala chali, magoti yamekunjwa, na kuiwazia saa kubwa chini ya nyonga zake. Hulitembeza fupanyonga polepole kutoka tarakimu moja hadi nyingine kama mshale wa saa, tarakimu 12 ikielekea kiunoni na tarakimu 6 ikielekea mkiani. Mwalimu wa Kiswahili atakayelifundisha somo hili ana mtihani wake mwenyewe, kwani akisema saa sita nusu ya darasa itakwenda juu na nusu itakwenda chini. Na bado kuna tatizo la neno kuu lenyewe. Ufahamu umekwisha kutekwa na karatasi za mtihani. Fahamu tunazijua hasa pale mtu anapozipoteza. Ung'amuzi una harufu ya falsafa. Hapa limeteuliwa utambuzi, kwa sababu kutambua ni kukiona kitu na kukikubali kuwa ndicho, bila kusema kama ni kizuri au kibaya. Wataalamu wa istilahi wanaweza kupendekeza bora zaidi.

Kazi ya pili ya Feldenkrais ilikuwa ya mikono. Mwanafunzi mmoja mmoja alilala juu ya meza ya chini, naye akaligusa na kulisogeza ungo moja baada ya jingine, si kwa kulikanda wala kulinyoosha kwa nguvu, bali kwa kuubeba mzigo ambao misuli ilikuwa ikiubeba bila haja. Mwanafunzi wake aliyejulikana zaidi alikuwa David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, mzee wa miaka 70 hivi aliyesumbuliwa na mgongo. Mwaka wa 1957 Ben-Gurion alipigwa picha kwenye ufuo wa Herzliya akiwa amesimama kwa kichwa, miguu juu, kaptura mwilini. Picha ilizunguka duniani. Ilimletea mwalimu umaarufu, ingawa ni umaarufu wenye kupotosha kidogo, kwa maana kusimama kwa kichwa ni tendo la kuonyesha, na Feldenkrais alikuwa akiwafunza watu wasijionyeshe.

Kisa chenye uzito zaidi ni kile alichokichapisha mwaka wa 1977 kuhusu mwanamke aliyempa jina la Nora, ambaye baada ya kupatwa na kiharusi alipoteza uwezo wa kusoma na kuandika. Wengi wangeanza na herufi. Feldenkrais alianza na sakafu. Aligundua kwamba mwanamke huyo alikuwa pia amepoteza mwelekeo: hakujua kiatu kipi ni cha mguu upi, na kulia na kushoto kulimchanganya pindi alipogeuza mwili. Alimrudisha hatua kwa hatua mahali ambapo mtoto huanzia, ajue kwanza upande wake mmoja na mwingine akiwa amelala, kabla ya kumwekea ukurasa mbele. Baadaye alitumia mrija, ncha moja midomoni mwa Nora na nyingine ikiligusa neno, ili macho na mdomo viungane tena. Alirudi kusoma. Kwa yeyote anayefundisha kusoma, kisa hiki ni ukumbusho kwamba neno lililoandikwa linasimama juu ya mwili unaojua uko wapi.

Haifai, hata hivyo, kumfanya mtu huyu malaika. Walioandika kumhusu humtaja kuwa mkali, mwenye ulimi mchungu, mvutaji sigara na mpenda vyakula, mwenye kitambi. Baadhi ya wasomaji wataona unafiki hapo. Wengine wataona kwamba mtu anayefundisha kuupokea mwili hawezi kulazimika kuwa na mwili wa sanamu. Vilevile, baadhi ya wafuasi wamemdai makubwa kuliko ushahidi. Tathmini ya serikali ya Australia iliyotolewa mwaka wa 2015 kuhusu tiba asilia haikupata ushahidi ulio wazi kwamba njia hii inatibu maradhi. Mapitio mengine ya kitaalamu ya mwaka huo huo yalipata dalili za kutia moyo, hasa kuhusu uwezo wa wazee kusimama bila kuyumba. Mwenyewe aliwaita waliomjia wanafunzi, hakuwaita wagonjwa, na kazi yake aliiita mafunzo. Tukimshika kwa neno hilo, tutampima kwa kipimo kinachomfaa.

Kitabu chake kuhusu utambuzi kupitia mwendo, kilichotoka kwa Kiebrania mwaka wa 1967 na kwa Kiingereza mwaka wa 1972, ndicho kilichomfikisha mbali. Waigizaji, wanamuziki na wachezaji ngoma walimtafuta. Mwongozaji wa tamthilia Peter Brook alimkaribisha kufanya kazi na waigizaji wake Paris. Umri ulikuwa umekwenda, na suala la nani atarithi kazi hiyo likawa la dharura. Kati ya 1969 na 1971 alifunza kundi la kwanza la walimu mjini Tel Aviv, wapatao 13. Kati ya 1975 na 1977 alifunza zaidi ya 60 San Francisco. Mwaka wa 1980 alianza na kundi la watu zaidi ya 200 huko Amherst, Massachusetts.

Kundi hilo hakulimaliza. Mwaka wa 1981 alipatwa na maradhi yaliyomzuia kufundisha hadharani, na masomo yaliyobaki yaliendeshwa na wale aliowafunza San Francisco na Tel Aviv. Alifariki Tel Aviv tarehe 1 Julai 1984, akiwa na umri wa miaka 80. Walimu wa njia yake wameendelea kuzisikiliza kanda za mtaa wa Alexander Yanai na kuzitafsiri kutoka Kiebrania, somo baada ya somo, zikiwemo pumziko alizowapa watu waliolala sakafuni.